Njombe Uliyoiona Nyuma ya Mgongo Wangu

Mama,

Kamwene, nakusalimu. Barua hii atakusomea Lea. Mimi nitakuwa kule chini penye njia, mgongo nimeuelekeza kaburini, na nikisikia sauti yake inakatika nitakohoa ajue nipo. Ndivyo tulivyozungumza miaka yote, wewe na mimi. Neno linatoka kwako, linapita kwa binti yako, ndipo linanifikia likiwa limepoa kidogo. Utaratibu huo sitauvunja leo. Ila kalamu haina mkwe, na humu nakuambia moja kwa moja, mara ya kwanza tangu nimwoe mwanao.

Najua ungemwambia Lea, "Mwambie aliye mbele aanze na salamu za watoto," aliye mbele ndiye mimi. Watoto wazima. Estera amekua, habari zake zinakuja. Mpichi wako umezaa. Sasa niache niseme lililonileta.

Mama, umeondoka hatujala pamoja.

Mimi ni mpishi. Wenzangu waliotoka kwenye mkonge kule Tanga walirudi na mablanketi na kofia. Mimi nilirudi na sufuria mbili, kovu la mwiba juu ya jicho, na ufundi wa kupika wali ukachambuka. Hakuna aliyenikopesha hata senti. Nilianza na benchi moja pale Makambako, penye njia panda, malori ya Songea yanapoachana na ya Mbeya. Leo nina meza sita na bati juu. Pishi ya mchele hunipa sahani kumi na mbili, kumi na tatu nikibana mkono. Nimewalisha madereva na makarani, nimewalisha Wakinga waliotoka Matamba na mizigo yao ya viazi, hata mzungu wa mashamba ya miti ya miwati aliyeharibikiwa na gari akala maharage yangu akaomba tena. Sahani zote nilizopakua, nikikaa chini nitakukadiria. Zilizofika mkononi mwako hazihitaji kukaa chini. Hakuna hata moja.

Naandika na desturi yenyewe, ili Estera akija kuisoma karatasi hii asitucheke bure. Kwetu, mkwe na mama wa mke hawaonani uso. Wakikutana njiani, mwanamume anashuka majanini na mama anajifunika nguo kichwani. Hawasemezani, na mama hali kitu cha mkono wa mkwe. Hayo mpaka siku mkwe alete jembe na kuku. Wazee wakilipokea jembe, kuku anachinjwa, na wawili hao wanakula kutoka chungu kimoja. Hapo nguo inatoka kichwani, tunasema wamefunguliwa, na maisha yanaendelea. Waliooa nyuma yangu wakafunguliwa mapema, wakawa wanakaa na mama wakwe zao wanaota moto na kutaniana. Mimi kila nikituma jembe linarudi, na kuku anarudi. Mmoja alirudi ameshaanza kutaga. Na neno ni lile lile: "Mwambie bado."

Hata kanisani. Nikipiga magoti meza ya kwanza ya ushirika, wewe unangoja ya pili. Mchungaji alikuwa anatutazama juu ya miwani yake, kisha anaendelea kugawa mkate.

Nilikuwa najiuliza kosa langu. Nikasema labda ni mkonge. Ulikuwa unasema vijana waliokwenda pwani wamekula na watu wasiowajua, wamerudi na midomo mirefu. Nikasema basi, nitamwonyesha kwamba mdomo wangu ni mfupi. Nikanyamaza. Nikajenga. Bado ikabaki bado.

Ndipo macho yako yakaanza kuingia ukungu, na Lea akaja na neno: "Mama anataka kuiona Njombe kabla macho hayajafungwa." Ulikuwa umekaa umbali wa kutembea tangu asubuhi mpaka jioni kutoka mjini, na mji wote ulikuwa unaujua kwa masimulizi ya watu. Nikasema, twende, tulale, turudi. Na moyoni nikapanga langu. Nikachukua jembe jipya nikalifunga kwenye gunia, na kuku nikamtia kwenye tenga. Nilijiambia kwamba huko, mbali na majirani wenye kuhesabu nani amefunguliwa na nani hajafunguliwa, utalegea.

Unakumbuka lori. Dereva, kwa heshima ya uzee wako, alitaka ukae mbele pamoja nami. Niliruka kutoka kwenye kiti kama mtu aliyekalia kaa la moto, nikapanda nyuma juu ya magunia ya mahindi. Kumbe kiti cha mbele kina kidirisha kinachotazama nyuma. Kwa hiyo ukajifunika mpaka Njombe, na barabara yote hukuiona. Tuliposhuka nikasikia, "Mwambie aliye mbele, nimesafirishwa kama kabichi." Utingo alicheka mpaka akaangusha tenga la kuku wangu.

Tukatembea hivyo siku mbili. Mimi mbele, macho chini. Lea katikati, Estera mgongoni mwake. Wewe nyuma, nguo begani, tayari kuipandisha kama nikigeuka. Sikugeuka. Watu wengine huonyesha mji kwa kidole na kwa uso. Mimi nilikuonyesha kwa kisogo.

Tulianzia bomani. Askari wenye tarbushi nyekundu walikuwa wanapiga kwata, na bendera iko juu. Ukasimama muda. Kisha: "Mwambie aliye mbele, nguo ile wameianika tangu lini, mbona haikauki?" Nikajibu, mwambie aliye nyuma, nguo hiyo ni ya Mwingereza, huanikwa asubuhi na kuanuliwa jioni, kavu au mbichi. Ukasema, "Basi hana wanawake." Karani mmoja aliyekuwa anapita alijikwaa kwenye mawe yaliyopakwa chokaa.

Sokoni nilikuwa na hofu, maana nilijua utauliza bei ya kila kitu na hutanunua. Lakini siku ile ulikula, Mama. Lea ndiye aliyenunua kwa mkono wake, ili isiwe yangu. Ulianza na andazi. Ulilibonyeza, ukasema limejaa upepo, ukalimaliza. Ukaja samaki mkavu wa Lupingu, aliyetoka ziwani akapandishwa milima ile yote juu ya kichwa cha mtu. Ulimtafuna na mifupa. "Huyu amepanda mlima na bado ana chumvi. Mwambie aliye mbele, huyu ndiye mwanamume." Nilicheka kimoyomoyo, mabega yakanisaliti, nikasikia na wewe unacheka nyuma yangu. Kucheka pamoja hakumo kwenye desturi, hakukatazwi wala hakuruhusiwi, kwa hiyo tulicheka. Kisha mapichi ya kule misheni. Uliyala matano, juisi ikishuka mpaka kwenye kiwiko, ndivyo alivyoniambia Lea, na kokwa ukazifunga kwenye pindo la nguo. Huo ndio mpichi ninaokuambia umezaa. Mtamu kuliko wa misheni. Matunda yake nayauza hotelini, lakini ya kwanza niliwapa wajukuu bure, usije ukasema.

Halafu lile duka. Hapo nilikasirika, nakuambia ukweli. Lilikuwa duka la Mhindi mwenye cherehani barazani, na ndani kuna kanga, mablanketi, sahani za bati, vioo vimetundikwa nyuma ya kaunta, taa za karabai. Niliingia kununua misumari. Nilisimama kaunta, kichwa chini, nachagua ya inchi mbili na ya inchi tatu. Nimemaliza, nataka kutoka, nasikia, "Mwambie aliye mbele asiondoke upesi, naangalia kanga." Nikarudi kwenye misumari. Nikaihesabu upya. Nikakohoa. "Mwambie bado naangalia." Mhindi amekushushia kanga zote, amezitandaza, anataja majina ya rangi. Nikahesabu misumari mara ya tatu. Hatimaye ukasema twendeni, na kitambaa hata cha kufutia pua hukununua. Mhindi alinitazama kwa macho ya mtu aliyeporwa. Nilitembea mpaka mwisho wa barabara nanung'unika kwamba watu wa kijijini hawajui kwamba muda wa mwenye duka nao ni mali.

Mkalala kwa mama mmoja wa kwaya, mimi kwa Mzee Salumu, mtu wa pwani mwenye hoteli mtaa wa Ramadhani. Yeye alinifundisha mengi ya biashara, nami nikamweleza jambo langu. Nikamwambia kesho nataka kula na mama mkwe, jembe hili, kuku huyu, nitafutie mzee mmoja wa kwetu apokee jembe kwanza. Salumu aliitikia kila kitu, ndiyo, ndiyo, bila shaka. Kumbe alichosikia ni kuku tu.

Asubuhi nilikwenda kumtafuta mzee. Lea akakuleta hotelini mapema, mkae uani mkiningojea. Salumu akaona aibu mgeni kukaa uani. Akakuingiza ndani, akakuketisha kwenye meza iliyotandikwa kitambaa, kuku ameshapikwa kwa nazi na binzari, amepakuliwa kwenye sinia moja. Nami nikatokea mlangoni na mzee wangu, jembe mkononi, macho chini, sijui kama uko mle. Salumu akanivuta mkono mpaka kwenye benchi, akatangaza mbele ya wateja wake, "Mkwe mwema huyu hapa, mama. Funua hiyo nguo, mle, kwetu sisi mkwe ni mtani." Na akanyoosha mkono kukushika nguo.

Nilichoona ni miguu yako tu. Ilisimama, ikapita jikoni, ikaruka chungu cha maharage, ikatokea uani. Sikujua kwamba miguu ya umri ule inaruka. Salumu alidhani kuku ana kasoro. Alimwonja pale pale, akaapa kwamba chumvi imekaa sawa. Wateja wakamla. Mzee wangu wa kupokea jembe naye akala, paja zima, kisha akaniambia kwamba jembe haliwezi tena kupokewa kwa sababu kuku ametangulia.

Nilikukuta umekaa nyuma ya hoteli, umenipa mgongo. Lea amekununulia chapati na chai ya tangawizi mahali pengine. Nikasema mwambie aliye nyuma, si mimi niliyetaka iwe vile. Ukajibu, "Mwambie najua. Mtu wa pwani hana baya, ana haraka." Nikauliza, basi tuanze upya, kuku wapo sokoni? Chapati ulikuwa unaitafuna taratibu. "Mwambie bado."

Tulikwenda kuona maporomoko ya Ruhuji kabla ya lori la kurudi. Ulikaa juu ya jiwe, matone yanakurukia, ukasema: "Maji haya yana haraka kuliko aliye mbele." Mimi nilikuwa nimesimama chini kidogo, natazama ng'ambo, na jembe langu ndani ya gunia. Safari nzuri kuliko zote nilizowahi kusafiri, na nilirudi nayo nimenuna.

Macho yakafunga. Nikatuma neno: sasa hunioni, nguo ya nini? Ukarudisha: "Mimi simwoni, lakini heshima inaona." Miaka ikaenda. Ndipo mwaka huu, pasipo mimi kuuliza, Lea akarudi kutoka kwako amesimama mlangoni hajatua mzigo. "Mama amesema viazi vikishachimbwa atakuja Makambako. Amesema uandae jembe." Nililiweka nyuma ya mlango wa hoteli. Nilinunua chungu kipya, maana sufuria haifai. Kuku nilimchagua nikamfunga uzi mwekundu mguuni, nikawaambia wapishi yeyote atakayemgusa huyu atafute kazi kwingine. Viazi vikachimbwa. Aliyekuja ni mtu wa baiskeli, amevua kofia kabla hajafika.

Msiba wako nilipika mimi. Wakwe wengine walipasua kuni. Wali, maharage, nyama ya ng'ombe wako mwekundu. Watu walisema hawajawahi kula hivyo msibani. Kila sahani ilipita mikononi mwangu, na nyumba yako yote ilikula cha mkono wangu, isipokuwa mwenye nyumba.

Kabla ya kufunika sanduku, mjomba Yeremia, kaka yako, alikuja jikoni. Akaniambia, "Mkwe, njoo umwone. Sasa hakuna mwiko." Watu wakanipisha njia. Nilifika mpaka kizingitini, Mama. Nikarudi. Ulikuwa huwezi kupandisha nguo. Mtu asiyeweza kujifunika, kumtazama ni kumwibia. Nikarudi kwenye vyungu vyangu, na uso wako siujui mpaka leo. Nakujua miguu na sauti, basi.

Baada ya matanga, tuko uani tunamenya viazi, nikamwambia Lea yale ya moyoni. Kwamba mama yake alinidharau. Lea akaweka kisu chini.

Akasema mkwe wa kwanza, yule aliyemwoa dada yake mkubwa, wewe ulimfungulia mapema sana, kwa sababu alikuwa mchangamfu na wewe ulimpenda. Akazoea. Akaanza kuingia kwako bila kubisha, akala na kuondoka bila kushukuru. Siku alipompiga mke wake na wewe ukaenda kusema, alikujibu usoni, maneno ambayo hata Lea hakuyarudia. Akasema ulimwambia hivi: "Yule nilimfungulia akanizoea. Huyu nampenda, ndiyo maana najifunika."

Nikasema, lakini mimi si yule. Lea akasema, "Alijua. Alikuwa anaogopa tu."

Kisha akacheka, machozi yanatoka. "Na wewe unadhani hakukuona? Unalikumbuka duka la Mhindi?"

Mama. Vile vioo nyuma ya kaunta. Mimi nimeinamia misumari, sikuinua macho, sikujua kwamba uso wangu uko pale juu unaonekana wote. Kanga hukuzitazama hata moja. Lea anasema ulikaza macho, ukungu na yote, ukasogea hatua ukasogea tena, na mlipotoka ulimnong'oneza, "Ana kovu juu ya jicho. Akihesabu anatembeza midomo kama mbuzi anayecheua. Nimemwona. Sasa hata macho yakifunga, basi." Miaka karibu ishirini Lea ameishi nami, anasema yeye mwenyewe hakuwa amegundua hayo ya midomo.

Kwa hiyo ulikwenda Njombe ukaona boma, ukaona samaki, ukaona maji, na ukaniona mimi. Na mimi nilikununia njia nzima kwa kuchelewesha watu dukani.

Bado nina lawama, sitakudanganya. Wewe uliniona, mimi sikukuona, na mizani hiyo haijalingana. Lakini juzi Jumapili nilipiga magoti meza ya kwanza kama kawaida, na mchungaji alipofika na kikombe nikakumbuka. Meza zilikuwa mbili, Mama. Kikombe kilikuwa kimoja. Mdomo wangu ukitoka, wako unakuja. Mkate nao ulikatwa kutoka mmoja. Nimeridhika nusu.

Sasa habari. Barabara wameipanua, malori yameongezeka. Miwati imefika mpaka karibu na makaburi yenu, harufu yake ikichanua ungeipenda. Mzee Salumu aliposikia msiba alituma sukari, na neno kwamba kuku yule chumvi ilikuwa sawa. Watu wanasema ile nguo ya bomani iko karibu kuanuliwa moja kwa moja. Siku hiyo nitakwenda Njombe mwenyewe, nitakuletea habari kama ilikauka.

Na Estera amepata mchumba, mwalimu kijana wa Matamba. Anakula vizuri, hajibu watu wazima, anaangalia chini akipita. Lea ameshaanza kujifunika. Nilimwambia dunia imebadilika, angemfungulia siku ile ile ya arusi. Akanitazama kama ulivyokuwa unatazama, nadhani, maana mimi sijui. Akasema, "Bado."

Sikubishana. Nilipanda lori nikaenda Njombe, kwenye duka lile. Mzee hayupo, yupo mwanawe. Nikanunua kioo, kikubwa kuliko vyote, nikakibeba magotini mpaka Makambako. Nimekitundika hotelini juu ya meza ya pembeni, pale kijana atakapokuwa anakaa na Lea atakapokuwa anapita nyuma yake na sahani. Lea aliuliza cha nini. Nikamwambia madereva wanataka kuchana nywele. Nakuahidi, Mama, hakitatoka ukutani nikiwa hai, na kijana yule sitamwambia kitu. Aangalie chini, ahesabu anachohesabu.

Jembe lako limebaki nyuma ya mlango. Kuku mwenye uzi mwekundu anataga, sikuweza kumchinja.

Lea atakuwa amechoka kusoma, na ameshaanza kuvuta kamasi, namjua. Nitakohoa. Kisha tutapanda njia ya kurudi.

Miaka yote uliniita aliye mbele. Sasa wewe ndiye umetangulia, na mimi ndiye niliye nyuma. Mwambie aliye mbele, Lea, atembee polepole. Nakuja, Mama. Nimeangalia chini.

Mkwe wako,
wa Makambako